Muulize Fundi: Draivu Z inazunguka, bosi kaongeza kifurushi, bado inazunguka

Barua za draivu za ofisi zimekuwa nyingi mwezi huu. Nimechagua nne ambazo kila moja ina ugonjwa wake, ingawa walioandika wote wanne wanalia kilio kilekile: mtandao uko slo.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mhasibu kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Gerezani, Dar es Salaam. Tupo watu sita, kila mtu na kompyuta yake, na mafaili yote yanakaa kwenye kompyuta iliyo chumbani kwa bosi. Sisi tunaiita seva. Kwangu inaonekana kama draivu Z. Asubuhi nikibofya nione draivu zangu, ule mstari wa kijani unatambaa pale juu mpaka nachoka, halafu ghafla kila kitu kinatokea. Tukirudi kutoka kula mchana ndiyo balaa zaidi. Zipo pia draivu X na Y zenye alama nyekundu, hizo ni za seva ya zamani iliyokwisha kuuzwa. Tangu tubadilishe ruta hali imezidi. Bosi amepandisha kifurushi cha intaneti, hakuna kilichobadilika, na sasa anasema kompyuta yangu ndiyo mbovu. Naomba unisaidie kabla ya tarehe 20, ritani za VAT zinaningoja.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kwa maelezo haya kompyuta yako haina shida, na hela ya bosi imekwenda kusikohusika.

Faili likitoka chumbani kwa bosi kuja mezani kwako, linapita kwenye waya na ruta yenu ya ndani. Halitoki nje ya mlango. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari na watu wa Dar tukashinda tunalalamika, draivu ya ofisi haikuwa na sababu ya kupungua mwendo hata kidogo. Kama bosi hashawishiki kwa maneno, chomoeni kwa dakika mbili ule waya unaoleta intaneti kwenye ruta, mkiacha ruta yenyewe inawaka, halafu fungua draivu Z mbele yake. Itafunguka, na kwa uzembe uleule.

Nikiulizwa habari ya draivu nzito, mimi nataka kujua kwanza jambo moja: inachelewa kufunguka, au inachelewa kubeba? Daladala inaweza kukupotezea muda kituoni ikisubiri abiria, au ikakupotezea barabarani kwenye foleni, na barabara ikipanuliwa bado kondakta wa kituoni hajaondoka. Wewe umejieleza vizuri mwenyewe, kwamba unasubiri, halafu ghafla kila kitu kinatokea. Hapo umekwama kituoni. Waya ungekuwa mbovu, faili lingeanza kuja mara moja na kujivuta njia nzima.

Sasa hizo X na Y. Siku zilipowekwa, Windows iliambiwa izikumbuke, nayo ni mtiifu kupita kiasi. Kila ukifungua dirisha la draivu inakwenda kuitafuta seva ambayo haipo. Ingekuwepo kompyuta ya kuijibu "sina folda hiyo", ingeachana nayo mara moja. Lakini hakuna anayejibu, kwa hiyo inangoja mpaka muda wake wa kungoja uishe, inahamia Y, inangoja tena, na Z nzima kabisa inakaa foleni nyuma ya marehemu wawili.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, piga Enter. Kwenye lile dirisha jeusi andika:

net use

Utaona kila draivu na njia yake. Za seva iliyouzwa zifute:

net use X: /delete
net use Y: /delete

Usiogope hilo neno la kufuta. Unafuta njia, mafaili huko yaliko hayaguswi. Ukimaliza, pita kwenye uso wa kompyuta ukatafute aikoni zinazoelekea kwenye ile seva, na kwenye orodha ya mafaili ya karibuni na folda zilizobanwa upande wa kushoto. Hata printa iliyokuwa ikipitia seva hiyo iondoe. Kila moja ya hizo inaweza kuipeleka Windows kaburini kwa seva ileile.

Suala la ruta mpya linahitaji jaribio lake. Kwenye ile orodha ya net use, njia ya Z huenda imeandikwa kwa jina, tuseme \\SEVA\Mafaili. Binadamu tunapenda jina, ila kompyuta lazima kwanza iulize jina hilo ni la namba gani. Ruta ya zamani huenda ilikuwa inajua jibu, hii mpya haijui, basi kompyuta yako inauliza huku, inakosa, inauliza kule, mpaka mashine ya bosi isikie yenyewe. Nenda kwa bosi, fungua lile dirisha jeusi, andika ipconfig, uandike pembeni namba ya IPv4. Ikiwa ni 192.168.1.10, rudi kwako ubonyeze Windows na R, uandike \\192.168.1.10\Mafaili. Kwa namba ikifunguka papo hapo na kwa jina ikasuasua, mwizi umemkamata.

Dawa yake ina sehemu mbili. Aliyefunga ruta aingie humo aitengee kompyuta ya bosi namba hiyo isibadilike, maana bila hivyo umeme ukikatika na kurudi ruta inaweza kuigawia namba nyingine na mtaanza upya. Kisha, mafaili yote yakiwa yamefungwa, uisuke Z upya kwa namba:

net use Z: /delete
net use Z: \\192.168.1.10\Mafaili /persistent:yes

Ofisi kubwa, zile ambazo mtu anaingia kompyuta yoyote kwa jina na nywila moja inayosimamiwa na seva, wasifuate hili la namba. Kwao kompyuta zote zielekezwe kuuliza majina kwa seva ya ofisi. Mafundi wengi kwa mazoea huchomeka 8.8.8.8 kwenye nafasi ya DNS, yaani ya mashine inayoulizwa majina, kila waendako. Hiyo ni ya Google, na Google haina habari na mashine iliyo chini ya meza yenu.

Mchana je? Bosi naye anakwenda kula. Kompyuta yake ni kompyuta ya kawaida, isipoguswa inazima diski kwanza, na baadaye inalala yote. Diski ikizimwa, wa kwanza kufungua faili ndiye anayesubiri izunguke upya. Ikilala yote, mnasubiri bosi arudi aguse kipanya. Ingieni kwenye mipangilio ya umeme ya kompyuta hiyo muweke isilale kamwe na diski isizimwe kamwe. Skrini izimwe, haina neno. Halafu kompyuta inayogawa mafaili ina tabia ya kukata muunganisho uliokaa kimya dakika 15. Kwenye mashine ya bosi, fungua dirisha jeusi kwa mamlaka ya msimamizi, andika:

net config server /autodisconnect:-1

Hilo mwambie bosi mwenyewe akae pale wakati linafanyika, asije akasema umemchezea kompyuta. Na ukiwa pale itazame kompyuta hiyo: kama ni Windows 10, msaada wake wa kawaida kutoka Microsoft uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Hela iliyokwenda kwenye kifurushi ingeanza kuchangia mashine mpya. Kwa idadi yenu Windows ya kawaida inatosha, kwa kuwa inaruhusu miunganisho 20 kwa wakati mmoja.

Kwa ajili ya ritani, leo ondoa X na Y tu. Hayo mengine yasubiri tarehe 20 ipite.

SWALI: Habari za kazi, kaka fundi. Nina ofisi ya kuchapa mabango Kariakoo, mtaa wa Msimbazi. Kompyuta ya wabunifu iko juu, mashine ya kuchapa iko chini dukani. Draivu inafunguka haraka bila shida, lakini faili la bango la GB 4 likihamishwa linasoma MB 11 kwa sekunde na halipandi hata uliombee. Laptopu ya kijana wangu kwa waifai inacheza kati ya 2 na 5. Aliyefunga alivuta waya mmoja kutoka juu akaugawa kwa kompyuta mbili. Nimeambiwa ninunue swichi mpya, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya za kompyuta. Ninunue?

JIBU: Nzuri, kaka. Usitoe hela bado. Hiyo 11 inajieleza yenyewe. Muunganisho wa megabiti 100, ukigawa kwa 8 kwa kuwa biti nane ni baiti moja, unakupa megabaiti 12.5, na ukitoa gharama za njiani unabaki na 11 na ushee. Namba ikiganda hapo siku zote, ujue vifaa vyako vimekubaliana kwenda mwendo wa 100 ilhali karibu kompyuta yoyote ya miaka ya karibuni inaweza megabiti 1,000.

Hakikisha kwa macho. Windows na R, andika ncpa.cpl, bofya mara mbili muunganisho wa waya, utaona mwendo umeandikwa. Ukikuta 100.0 Mbps badala ya 1.0 Gbps, twende kwenye waya, na hasa kwenye maneno yako mwenyewe kwamba "akaugawa".

Ndani ya waya wa mtandao mna nyaya ndogo nane, jozi nne: ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia, kila mmoja na mwenzake mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Mwendo wa 100 unatumia nne tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Nne zinazobaki hazina kazi, na hapo ndipo aliyefunga alipoona fursa. Amechukua nne akampa huyu, nne akampa yule, akakuokolea mita kadhaa za waya. Kila kompyuta inafanya kazi, hakuna anayelalamika, mpaka siku unaleta mafaili ya GB 4. Mwendo wa gigabiti unataka zote nane, na hauwezi kuupata hapo hata ununue swichi ya bei gani.

Chomoa kichwa cha waya ukiinue kwenye mwanga. Plastiki yake inaonyesha ndani, nawe hesabu rangi zilizofika mbele kabisa. Ukikuta nne, nimesema kweli. Ukikuta nane na bado inasoma 100, angalia kama kuna mmoja ulioishia njiani kabla ya kugusa meno ya shaba, au meno yameota kijani. Hewa yetu ya pwani haina urafiki na shaba iliyo wazi. Kata inchi mbili, upige kichwa kipya pande zote.

Ukivuta waya mwingine, na nashauri uvute mmoja kwa kila kompyuta, kwaruza ncha yake kwa wembe kabla hujalipa. Ikitokea rangi nyeupe chini ya wekundu, huo ni alumini iliyopakwa shaba. Ni rahisi bei, unakatika ukikunjwa na mwendo wake unayumba kwenye masafa marefu. Shaba tupu ni nyekundu mpaka katikati. Muuzaji akikataa usikwaruze, nenda duka la pili, Kariakoo hukosi maduka.

Waya ukiwa mzima na swichi ni ya gigabiti, faili lako la GB 4 linalochukua kama dakika sita litachukua chini ya dakika moja. Nikikuahidi MB 110 kila saa nitakuwa nimekudanganya, kwa sababu diski ya kuzunguka iliyozeeka inaweza kukubana kabla waya haujakubana.

Kijana wa laptopu mwambie ukweli: pale mtaani kila fremu ina ruta yake. Masafa ya 2.4 GHz yana njia tatu tu zisizoingiliana, ya 1, ya 6 na ya 11, na majengo mazima yanagombania hizo tatu. Ahamie 5 GHz akiwa chumba kimoja na ruta. Akiwa na faili la bango achomeke waya, basi.

Halafu utagundua kwamba folda yenye picha ndogo elfu mbili inachelewa kuliko bango moja la GB 4. Hilo ni kawaida. Kila faili lina salamu zake: kufungua, kuuliza ruhusa, kusoma, kufunga. Zifunge zote kwenye faili moja la zip kabla ya kuzihamisha.

SWALI: Mwanangu, hujambo? Naishi Kigamboni, ofisi yetu ya familia iko Posta, na kivuko cha kila siku kimenichosha. Mjukuu ameniwekea VPN, yaani njia ya faragha ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti, ili nione draivu ya ofisi nikiwa nyumbani. Naiona, lakini faili la Excel la hesabu za wapangaji nalifungua, naenda kupika chai, narudi bado. Intaneti yangu ni nzuri, video zinacheza bila kukwama. Kuna kijana anasema atafungua mlango wa 445 kwenye ruta ya ofisi tuachane na VPN, eti ndiyo inayochelewesha. Nimkubalie?

JIBU: Sijambo mama, shikamoo. Usimkubalie, na kama ameshafungua afunge leo.

Mlango wa 445 ndio unaopitisha mafaili ya Windows. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliruka kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa kupitia hapohapo, kikafunga mafaili ya watu duniani kote na kudai malipo, hata hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Mlango huo ukielekezwa intaneti, wapo wanaougonga usiku na mchana. Hesabu za wapangaji wako hazistahili hilo.

Kuhusu kuchelewa, hapa intaneti inahusika kweli, ila kwa namna nyingine na unavyofikiri. Video inamiminika upande mmoja bila kuuliza. Draivu inauliza na kujibiwa, inauliza na kujibiwa, na ikiwa mbali kila jibu lina safari yake. Ndani ya ofisi jibu linarudi chini ya milisekunde 1. Kutoka kwako kupitia VPN tuseme ni 60. Excel ikiuliza maswali 500 kabla haijakuonyesha jedwali, hizo ni sekunde 30 za kungoja tu, na hapo faili lenyewe halijaanza kuja. Mjukuu anaweza kupima: aandike ping na namba ya seva, VPN ikiwa imewashwa, asome milisekunde. Kifurushi kikubwa zaidi hakipunguzi namba hiyo kwa kiasi cha kujivunia.

Lililo bora kwako ni faili kubaki Posta. VPN iendelee, lakini badala ya kufungua draivu, ufungue kompyuta ya ofisi yenyewe kwa Remote Desktop. Excel inafunguka kule, kando ya seva, wewe unaletewa picha ya skrini na kupeleka vibonyezo vya kibodi. Kompyuta ya ofisi inayopokea iwe na Windows Pro, kwa sababu toleo la Home halipokei. Na mjukuu asifungue mlango wowote kwenye ruta kwa ajili hiyo, ipite ndani ya VPN ileile.

Usikubali pia ushauri wa kuhamisha nakala nyumbani na kuirudisha jioni. Wiki ya pili kutakuwa na majedwali mawili, kila moja na mpangaji ambaye mwenzake hana. Na kama mna programu ya uhasibu yenye hifadhidata kwenye draivu hiyo, isifunguliwe kupitia VPN hata siku moja. Muunganisho ukikatika katikati ya kuandika, kinachoharibika ni hifadhidata nzima, na hapo chai haitasaidia.

SWALI: Fundi, shule yetu Mbezi ina kisanduku cha diski cha zamani tunachohifadhia mitihani. Kompyuta mpya zenye Windows 11 zinazunguka muda mrefu halafu zinakataa kabisa, za zamani zinaingia. Mtu kashauri tuwashe SMB1. Tufanyeje?

JIBU: Msiwashe. SMB ni lugha ya Windows ya kugawana mafaili, na SMB1, toleo lake la zamani, ndiyo ile WannaCry iliyoipitia. Tangu Windows 10 toleo la 1709, mwaka 2017, Microsoft haiiweki tena yenyewe kwenye usakinishaji mpya.

Kinachowatokea ni kukataliwa zaidi kuliko uzito. Windows 11 toleo la 24H2 inataka mazungumzo yatiwe saini ya kuthibitisha kwamba hayajachezewa njiani, na kwenye toleo la Pro haikubali kuingia kama mgeni asiye na nywila, na visanduku vingi vya zamani vilizoea kumwachia kila mtu aingie. Fungueni ukurasa wa mipangilio wa kisanduku, mtengeneze mtumiaji mwenye jina na nywila, mtafute sehemu ya SMB mchague 2 au 3, na mpakue programu yake mpya kama mtengenezaji bado anaitoa. Kompyuta ikiuliza, ingizeni jina hilo na nywila hiyo.

Kama mipangilio yake haina kingine zaidi ya SMB1, tumieni kompyuta ya zamani ambayo bado inaingia, mnakili mitihani yote kwenye diski ya nje, mhakikishe inafunguka, kisha kisanduku kiondoke kwenye mtandao wa shule.